Swali Mbele ya Mwenye Mamlaka: Kazi ya Oriana Fallaci

   

Nimeombwa nizungumze juu ya ufundi wa mahojiano. Ningeweza kuwapa orodha ya kanuni, lakini kanuni husahaulika ukumbini humu humu. Nimechagua badala yake kuwasimulia kazi ya mtu mmoja, mwandishi wa majarida na vitabu wa Italia, Oriana Fallaci, aliyezaliwa Florence tarehe 29 Juni 1929 na kufariki katika mji huo huo tarehe 15 Septemba 2006. Wapo humu ndani waliomjua kwa mahojiano yake na wakubwa wa dunia. Wapo pia waliolisikia jina lake kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na walilolisikia liliwaumiza. Makundi yote mawili yana haki, na nitajaribu kuyatendea haki yote mawili.

Kusudi langu ni kuonyesha jambo moja. Fallaci alikuwa mkubwa kila alipoketi mbele ya mtu mmoja, mwenye jina na cheo, akamtaka ajibu. Alianguka alipoanza kuwahukumu watu kwa mamilioni bila kuwapa nafasi ya kujibu. Nitalieleza hilo kwa hoja tano.

1. Shule yake ya kwanza ilikuwa vita

Baba yake, Edoardo, alikuwa seremala wa samani na adui wa utawala wa Mussolini. Septemba 1943 Italia iliposalimu amri, majeshi ya Ujerumani yaliishika Florence, na familia ile ikaingia katika harakati za siri. Oriana alikuwa na miaka 14. Alipewa jina la bandia, Emilia, akawa mjumbe wa kundi la Giustizia e Libertà: alipanda baiskeli, akapita vizuizi vya askari, amebeba barua na wakati mwingine silaha. Nani angemshuku binti wa shule? Mwaka 1944 baba yake alikamatwa na kuteswa. Alitoka hai, lakini mtoto alikuwa ameshaona ambacho dola inaweza kumfanyia mtu asiyekubali kunyamaza.

Nalitaja hili mapema kwa sababu linaeleza sauti yake ya baadaye. Wengi wetu tulifundishwa kwanza kumheshimu mkubwa, kisha, tukipata ujasiri, kumuuliza. Yeye alifundishwa nyumbani kwamba mwenye madaraka ndiye mwenye deni la maelezo. Hakuona haya mbele ya cheo, maana vyeo vya kwanza alivyovijua utotoni vilikuwa vya watesaji.

Baada ya vita alianza masomo ya udaktari wa tiba, na ili apate fedha akaandikia gazeti moja la Florence, Il Mattino dell'Italia Centrale. Udaktari ukaachwa, kalamu ikabaki. Gazeti lile lilikuwa la upande wa chama cha Kidemokrasia cha Kikristo, na siku moja aliagizwa aandike makala ya kumkejeli kiongozi wa Wakomunisti, Palmiro Togliatti. Alikataa, akafukuzwa kazi. Hakuwa Mkomunisti. Alikataa kwa sababu hakutaka kuandika makala ambayo hukumu yake ilikuwa imeshatolewa kabla hajamsikiliza mtu mwenyewe. Naomba mliweke jambo hili akilini, tutalihitaji mbele.

2. Jarida la kila wiki ndilo lililomlea

Kutoka Florence aliingia katika jarida la Epoca, lililohaririwa na ami yake, Bruno Fallaci, kisha miaka ya 1950 akahamia L'Europeo la Milan, alikodumu kwa miaka mingi. Ili kumwelewa, lazima tuelewe jarida la namna ile lilikuwa nini. L'Europeo lilianzishwa mwaka 1945 na Arrigo Benedetti: kurasa pana, picha kubwa, habari ndefu. Televisheni ya taifa ya Italia ilianza matangazo yake ya kawaida Januari 1954 tu. Kabla ya hapo, na hata miaka mingi baadaye, familia iliyotaka kuiona dunia iliisoma kwenye jarida la wiki.

Gazeti la kila siku humdai mwandishi habari kabla ya jua kuzama. Jarida humpa muda wa kusoma, nauli ya kusafiri, mpiga picha wa kufuatana naye, na kurasa za kutosha kumwacha mhojiwa azungumze mpaka ajifichue. Tunapomsifu Fallaci tusiwasahau wahariri waliomlipia tiketi na kumsubiri.

Mwanzo wake ulikuwa wacheza filamu. Alikwenda Marekani kumtafuta Marilyn Monroe, hakumpata, akaandika makala nzima juu ya kutompata. Mwaka 1958 alitoa kitabu juu ya Hollywood, kikiwa na dibaji ya Orson Welles. Wapo wanaoipuuza sehemu hii ya kazi yake. Mimi siipuuzi. Mcheza filamu maarufu ni mtu aliyezungukwa na walinzi wa sura yake: wapo wanaomwandikia majibu, wapo wanaochagua maswali, wapo wanaotazama saa. Aliyejifunza kupenya ukuta huo ameshajifunza kupenya ukuta wa ikulu, kwa kuwa ni ukuta ule ule.

Kisha L'Europeo likamtuma mbali zaidi. Alizunguka Asia kuchunguza hali ya wanawake, kuanzia harusi moja ya Karachi ambako bibi harusi alikuwa mtoto anayelia, akatoa kitabu Il sesso inutile mwaka 1961. Kina hukumu za haraka, kina kiburi cha Ulaya hapa na pale. Hata hivyo alikwenda, akauliza, akaandika alichojibiwa. Baadaye alikaa na wanaanga wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda mwezini, akaandika Se il sole muore mwaka 1965. Mwaka 1967 akaenda Vietnam.

3. Mahojiano yalikuwa kazi, wala si mazungumzo

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu, na mtanivumilia nikikawia.

Fallaci hakwenda kwa mtu bila kumsoma. Alijiandaa kwa wiki kadhaa, akasoma hotuba na vitabu vya mhojiwa na vya maadui zake. Alikwenda na kinasa sauti. Alipenda kukaa saa nyingi, na ikiwezekana kurudi mara ya pili. Kisha aliketi mwenyewe kuandika yote yaliyonaswa, na kuyatangulizia dibaji ndefu: chumba kilikuwaje, mtu alikaaje, alikasirishwa na nini. Golda Meir, Waziri Mkuu wa Israeli, alimpa mahojiano marefu mwaka 1972. Kanda zikaibwa katika chumba cha hoteli mjini Roma. Fallaci aliomba tena, na Meir akakubali kuyarudia. Kiongozi wa nchi hakubali kurudia mahojiano ila na mtu ambaye mara ya kwanza alimfikirisha.

Mwaka 1969 alimhoji Jenerali Vo Nguyen Giap mjini Hanoi, mtu aliyewashinda Wafaransa Dien Bien Phu na aliyekuwa akipigana na Wamarekani. Baada ya mazungumzo wenyeji walimletea maandishi rasmi, wakitaka yachapishwe hayo badala ya maneno yenyewe. Hakutii: alichapisha alichosikia. Mahojiano hayo yalimfikia Henry Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa usalama wa taifa, yakamvutia, na Novemba 1972 Kissinger akamkaribisha Washington. Ndipo alipojilinganisha na mchunga ng'ombe wa filamu anayeingia mjini peke yake juu ya farasi. Fikirini: mshauri wa rais, katikati ya vita, anajisawiri kuwa ndiye anayetenda, tena peke yake. Nixon hakufurahi. Baadaye Kissinger alilalamika kwamba maneno yake yalipangwa vibaya, na katika kumbukumbu zake akayaita mahojiano yale kuwa ndiyo yaliyomletea balaa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya na wanahabari. Fallaci alishikilia kuwa ndivyo alivyosema.

Lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Lawama ya kwamba aliyapanga majibu upya ili yawe na mvuto wa mchezo wa kuigiza ilimfuata maisha yote, na haikutoka kwa Kissinger tu. Mwandishi anayehariri mahojiano marefu lazima akate na kuunganisha. Lakini kadiri unavyokata ndivyo unavyodaiwa kuitunza kanda. Wanafunzi, tunzeni kanda zenu.

Mwaka huo huo wa 1972 kulikuwa na kisa cha India na Pakistan, ambacho naona ni funzo kuliko hata cha Kissinger. Vita vya Desemba 1971 vilikuwa vimeizaa Bangladesh, na nchi hizo mbili zilihitaji mkataba. Indira Gandhi wa India alimwambia Fallaci maneno makali juu ya Zulfikar Ali Bhutto wa Pakistan. Bhutto akayasoma, akamwita Fallaci, akamjibu Indira kwa ukali zaidi. Maneno yalipochapishwa, mazungumzo ya amani yakayumba, na upande wa Bhutto ukamsihi mwandishi aseme kwamba ameyatunga. Alikataa. Mkataba ulitiwa saini Simla mwanzoni mwa Julai. Hebu jiulizeni: je, mwandishi angepaswa kudanganya ili kuokoa amani? Jibu langu ni hapana, kwa sababu aliyehatarisha amani ni aliyesema, na siku mwandishi atakapokubali kusema uongo kwa sababu nzuri, ataombwa kesho yake aseme uongo kwa sababu mbaya.

Sasa nije karibu na kwetu. Juni 1972 Fallaci alikwenda Addis Ababa kumhoji Mfalme wa Wafalme, Haile Selassie. Kumbukeni nani alikuwa akiketi mbele ya nani. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, ikatumia gesi ya sumu, na Mfalme akaenda Geneva mwaka 1936 kuulilia Umoja wa Mataifa wa wakati ule, akaachwa. Alirejea katika mji wake Mei 1941. Miaka 31 baadaye, Mwitaliano anaingia ikuluni kwake na kinasa sauti. Mwitaliano huyu alikuwa binti wa mtu aliyeteswa na ufashisti ule ule, lakini hilo halikumfanya apunguze ukali wa maswali. Aliwaandika mafukara waliokusanyika kando ya karamu ya kifalme. Mwishoni alimuuliza mzee yule, aliyekaribia miaka 80, anakionaje kifo. Mfalme alishtuka, akataka kujua mwanamke huyu ni nani na anatafuta nini, akamfukuza. Mahojiano yakaishia hapo.

Nimewahi kusikia swali lile likilaumiwa kuwa utovu wa adabu, na katika mila zetu ni kweli kwamba mzee haulizwi hivyo. Lakini mfalme mwenye umri ule, asiye na njia ya wazi ya kurithiwa madaraka, anapoulizwa juu ya kifo anaulizwa juu ya nchi: baada yako, nani, na kwa sheria ipi? Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa, na Ethiopia ikaingia katika miaka ya damu. Kama kuna swali lililostahili kujibiwa ikuluni Addis Ababa mwaka 1972, lilikuwa hilo.

Nitaje mawili mengine kwa haraka. Septemba 1979, mjini Qom, Iran, alimhoji Ayatollah Khomeini, akambana kuhusu haki za wanawake, kisha akalivua mbele yake vazi la kujifunika alilokuwa ameambiwa alivae. Ayatollah aliinuka akatoka, na mazungumzo yakaendelea siku nyingine. Agosti 1980, mjini Beijing, kiongozi wa China, Deng Xiaoping, alimpa vikao viwili. Swali la kwanza lilihusu picha ya Mao pale Tiananmen, kama itabaki, na kutokana na hapo Deng akaeleza waziwazi yapi yalikuwa makosa ya Mao na yapi mema yake. Wachina wenyewe waliyaona mahojiano yale kuwa mazito kiasi cha kuyaingiza katika maandishi teule ya Deng. Mwandishi wa jarida aliuliza, na jibu likawa waraka wa dola.

4. Vitabu vilitoka katika mwili wake

Tarehe 2 Oktoba 1968 alikuwa Mexico City, katika uwanja wa Tlatelolco, askari walipowafyatulia risasi wanafunzi siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki. Alipigwa risasi, akaburutwa, akawekwa pamoja na maiti mpaka alipogunduliwa kuwa bado yu hai. Kumbukumbu hiyo imo pamoja na ya Vietnam katika Niente e così sia, kitabu cha 1969, ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote alivyoandika juu ya vita, kwa kuwa ndani yake anawauliza askari wa pande zote swali alilowahi kuulizwa na mdogo wake Elisabetta, alipokuwa mtoto: maisha ni nini?

Mahojiano yake makubwa yalikusanywa mwaka 1974 katika Intervista con la storia. Mwaka 1975 ikaja Lettera a un bambino mai nato, mwanamke akizungumza na mimba yake, wakati Italia ikibishana vikali juu ya sheria ya utoaji mimba iliyopitishwa baadaye, mwaka 1978. Agosti 1973 alikuwa amekwenda Athens kumhoji Alekos Panagoulis, Mgiriki aliyejaribu kumuua dikteta Papadopoulos mwaka 1968, akahukumiwa kifo na kuteswa gerezani kwa miaka. Wakapendana. Panagoulis alikufa katika ajali ya gari tarehe 1 Mei 1976, ajali ambayo Fallaci hakukubali kamwe kuwa ni ajali tu, na mwaka 1979 akaandika Un uomo. Riwaya yake juu ya Beirut, Insciallah, ilitoka mwaka 1990. Hapo alikuwa akiishi New York, na baadaye akaugua saratani, akaandika kidogo sana.

5. Siku alipoacha kuuliza

Ndugu zangu, sehemu hii nimeiandika kwa uzito.

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, Fallaci alivunja ukimya wake katika gazeti la Corriere della Sera la tarehe 29 mwezi huo, kwa makala ndefu mno. Ikawa kitabu, La rabbia e l'orgoglio, kilichouza zaidi ya nakala milioni moja nchini Italia. Mwaka 2004 akafuata na La forza della ragione. Humo hawashitaki wauaji wa New York peke yao. Anaushitaki Uislamu wote na wahamiaji Waislamu wote wa Ulaya, kwa lugha ya kuwadhalilisha. Alifunguliwa kesi Italia kwa kosa la kuikashifu dini, akafariki kabla haijamalizika.

Sitaki tumhukumu kwa hasira kama aliyoitumia yeye. Natazama ufundi. Vitabu vile vina kurasa nyingi, na ndani yake hakuna hata mmoja aliyekaa mbele ya kinasa sauti akaulizwa. Hakuna Msomali anayeuza bidhaa Florence akaeleza alitoka wapi na kwa nini. Hakuna imamu wa Milan, hakuna mama wa Kimorocco anayempeleka mtoto shule ya serikali. Mwandishi aliyemtaka Kissinger ajibu kwa maneno yake mwenyewe, sasa anawasemea watu milioni kadhaa. Yule msichana aliyefukuzwa kazi Florence kwa kukataa kumkejeli mtu ambaye hakuwa amemsikiliza angeikataa makala hii. Wanaodai kwamba ulikuwa ujasiri ule ule wa siku zote hawajaisoma kazi yake ya mwanzo. Ujasiri wa Qom ulikuwa mbele ya mwenye nguvu anayeweza kukutoa chumbani. Kumkashifu mchuuzi asiye na kibali cha kuishi hakuhitaji ujasiri.

Waitaliano wenyewe walimjibu. Mashuhuri zaidi alikuwa Tiziano Terzani, mzaliwa wa Florence kama yeye, aliyeripoti Asia kwa miaka mingi kwa ajili ya jarida la Ujerumani, Der Spiegel. Oktoba 2001, katika Corriere della Sera lile lile, alimwandikia barua ya wazi, kisha akafunga safari ya Pakistan na Afghanistan kuzungumza na watu waliokuwa wakisubiri mabomu. Lettere contro la guerra ilitoka mwaka 2002. Alikuwa mgonjwa wa saratani kama Fallaci, na alifariki mwaka 2004. Kwa mwaka ule mmoja, Terzani ndiye aliyeifanya kazi ya Fallaci, kwa kuwa yeye ndiye aliyesafiri kwenda kuuliza.

Nini basi kinatungoja sisi? Leo kiongozi anaweza kulihutubia taifa kwa simu yake, bila mwandishi chumbani. Video ya dakika mbili imechukua mahali pa mazungumzo ya saa sita. Mahojiano mengi tunayochapisha kwa Kiswahili ni hotuba zilizokatwa vipande na kuwekewa alama ya kuuliza katikati. Sikubali kwamba wasomaji wetu hawana subira. Wanaosikiliza mashairi marefu na kufuatilia riwaya za mfululizo magazetini hawawezi kushindwa na mahojiano ya kurasa nane, ikiwa mhojaji amejiandaa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wahariri: chagueni mwandishi mmoja, hata kama ni mmoja tu kwa mwaka, mpeni mwezi wa kusoma na nauli ya kwenda, na chapisheni swali na jibu bila kufupisha mpaka visitambulike. Walimu wa uandishi: wapeni wanafunzi mahojiano ya Fallaci wayasome pamoja na vitabu vyake vya mwisho, ili wao wenyewe waone ni wapi mhojiwa alipotoweka. Nanyi vijana, kinasa sauti mnacho mfukoni, kile ambacho yeye alikibeba begani. Mwende kwa waziri na kwa mkurugenzi, mwende pia kwa mhamiaji na mvuvi, na yeyote mtakayemwandika, apate kwanza nafasi ya kuwajibu.